Nyumba ya Kipimo cha Mama

Mama yangu hajawahi kutoa kipimo chake cha kweli. Mimi ni fundi cherehani, na ufundi huo nimeupata kwake, lakini ukimzungushia futi kiunoni anavuta pumzi ndani, na ukimuuliza urefu wa gauni anakuonyesha juu ya pale anapopataka. Anasema hataki kitambaa kiharibike bure. Kwa hiyo tangu nianze kumshonea, nampima, kisha namwongezea vidole viwili kila upande bila kumwambia. Gauni linamkaa vizuri, naye anajisifu kwamba kitambaa kidogo kimemtosha.

Ndivyo tulivyolelewa. Watoto wa wenzetu walitumwa kwa jirani kuomba chumvi. Sisi tulikula mboga bila chumvi, na mgeni akishangaa tulitakiwa tuseme tunazipenda hivyohivyo. Usisumbue watu, ndilo lilikuwa somo letu la asubuhi na la jioni. Baba alipofariki, akina mama wa mtaani walikuja kutupikia, na Mama akaingia jikoni akawapikia wao. Mpaka leo sijui kama niicheke siku ile au niilie.

Kaka yangu ndiye aliyeirithi tabia hii bila kupunguza hata chembe. Hajaoa, anasema hajaona sababu ya kumsumbua mtoto wa mtu. Kazi yake ni kujenga nyumba ndogo, na asiyemfahamu akisikia hivyo hucheka, lakini yeye ni nyumba hasa anazojenga, za chumba kimoja na jiko, zinazojitegemea kwa kila kitu. Umeme unatoka kwenye paneli juu ya paa na kulala kwenye betri. Maji ni ya mvua, yanakingwa kwenye tangi, na ukishaoga yanakwenda bustanini. Gesi inatoka kwenye maganda na makombo ya jikoni. Kuta ni za udongo uliochimbwa palepale na kushindiliwa, nene kiasi kwamba joto la mchana linakaa mpaka asubuhi. Hakuna waya wala bomba linaloingia kutoka nje. Amejenga nyingi mahali pamoja, pembeni kidogo ya mji, na watu wanamwita Bwana Jua. Mimi namtania kwamba amegeuza malezi yetu kuwa biashara.

Kabla ya kujenga, Bwana Jua anakaa na mwenye nyumba na kumhoji. Unawasha taa ngapi, unaoga maji kiasi gani, unapika nini, wageni wanakuja mara ngapi, ukilala unajinyoosha au unajikunja. Majibu yale ndiyo anayoyapigia hesabu mpaka anapata idadi ya paneli, ukubwa wa betri, hata urefu wa kitanda. Haongezi kitu. Anaamini kwamba kila kinachozidi ni uharibifu, na uharibifu ndio unaoimaliza dunia. Siku alipomhoji Mama ili amjengee naye ya kwake, alinipigia simu akiwa na furaha tele. Alisema hajawahi kupata mteja kama yule. Taa moja. Maji nusu ndoo. Wageni hakuna. Kulala, najikunja. Paneli moja tu imetosha, dada.

Nilicheka, nikamwambia hongera, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Nyumba ilipoisha ilipendeza, nisiseme uongo. Kitanda kilikunjwa ukutani mchana, meza ilitoka ndani ya kabati, rafu za vikombe zilipangwa mpaka chini ya dari. Karibu na mlango palikuwa na kioo kidogo chenye mistari ya kijani, kuonyesha betri ina umeme kiasi gani. Mlango ulipofungwa, kelele za nje zilikatika papo hapo. Mama alinung'unika kidogo mwanzoni. Alisema miguu yake inagusa ukuta akilala, na chumba kinambana, kisha akajishika mdomo na kuniomba nisimwambie kaka.

Halafu yakaja majira ya mawingu. Jua lilipotea wiki baada ya wiki, mvua ikawa inanyesha taratibu bila kukata, na nguo zilizofuliwa hazikukauka. Mimi nilikuwa na shida yangu ambayo sikumwambia mtu. Macho yangu yalikuwa yameanza kuweka ukungu katikati, kiasi kwamba nilitunga uzi kwa kupapasa, na vidole vyangu vilijaa matundu ya sindano. Wateja niliwaambia nafunga mapema kwa sababu ya mvua. Daktari alikuwa ameshaniambia la kufanya, nami nikamwambia nitalifikiria, maana yake hapana.

Katika siku hizo nilimpelekea Mama gauni jipya. Nililikata kwa ile karatasi ngumu yenye umbo lake, inayoning'inia kwenye msumari juu ya meza yangu, na vile vidole viwili vyangu vimo ndani yake. Alipolivaa, lilimteleza mabegani likashuka. Alilishika kifuani kwa mikono miwili, akasema ni uzee, watu wazima hukonda. Nikalirudisha nyumbani nikalipunguze.

Nilipolitandaza juu ya meza na kuweka ile karatasi juu yake, vilikutana sawasawa. Nilikaa nikavitazama kwa muda mrefu. Kiuno cha mtu huja na kuondoka, nyonga vilevile, na fundi yeyote atakuambia hivyo. Lakini bega ni mfupa, halikondi. Nikajiambia ni macho yangu haya, yameshaanza kunichezea. Nililipunguza gauni mabegani huku nikiona aibu, kana kwamba ninafanya jambo baya.

Niliporudi nalo nilikutana nje na jirani yake, nesi mstaafu, mwanamke mcheshi asiyeficha kitu. Alikuwa amebeba kuni chini ya mwavuli. Alinisimulia kwamba betri za nyumba zote zimekufa, wanaishi kwa mishumaa, na Bwana Jua anapita mlango kwa mlango akiomba radhi mpaka wanamwonea huruma. Kisha akaelekeza kidevu kwenye nyumba ya Mama.

"Ila ya mama yako haijazimika hata mara moja," alisema. "Taa yake inawaka tu. Nilimwomba siku moja nichajie simu kwake, akakubali vizuri sana. Nilipoishika hiyo simu baadaye ilikuwa na joto kama mkono wa mtu. Sijarudi tena."

Nilicheka kwa adabu nikaingia ndani. Mistari ya kijani kwenye kioo ilikuwa imejaa mpaka juu. Mama alikuwa amepanda kigoda ili afikie vikombe kwenye rafu, ile rafu ambayo alipohamia aliifikia akiwa amesimama chini. Kitanda kilikuwa kimeshushwa, na nikaona alama ya mwili wake kwenye godoro. Iliishia katikati. Kati ya pale miguu yake ilipokuwa na ukuta, mtoto angeweza kulala.

Nilimshika mkono kumteremsha. Ulikuwa baridi kama maji ya tangi. Nikaegemea ukuta ili nisianguke, na ukuta ulikuwa na joto. Jua lilikuwa halijaonekana kwa muda wote ule, lakini nilipoupapasa ule udongo niliona joto liko sehemu moja, upana wa mgongo wa mtu aliyelala ubavu, na pembeni yake pote palikuwa baridi. 

 Mama alikuwa ameketi kitini, na miguu yake ilining'inia bila kugusa sakafu.

"Usiogope," alisema. "Mwanzoni palinibana. Sasa pananitosha."

Nilitoka nje kwenye mvua nikampigia kaka.

Alikuja mbio, amelowa, akidhani ni paa linavuja. Sikumweleza neno. Nilimwambia aangalie betri yake. Alifungua kabati, akachomeka vifaa vyake, akapanda juu ya paa, akashuka, akafungua tena kabati. Mimi na Mama tulimtazama kama watu wanaomsubiri daktari. Aliponiita nje, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Paneli haileti kitu," alisema. "Imefunikwa na ukungu wa kijani, na hata ingekuwa safi, jua hakuna. Lakini betri inapokea. Inapokea kila wakati, kidogo kidogo, kutoka upande wa ndani."

"Upande wa ndani kuna nini?"

Alitazama dirisha la Mama, taa ikiwaka. Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu nilipoligusa lile joto la ukutani. Nilitaka kujua kama yale majibu ya Mama aliyaongezea chochote. Alinishangaa. Aongeze kwa nini, wakati mwenye nyumba kasema mwenyewe? Mimi nami nilikuwa nimedhani kaongeza, kwa sababu hakuna anayemjua mama yetu ambaye asingeongeza. Tulibaki tunatazamana mvuani, ndugu wawili waliolelewa chungu kimoja, na kila mmoja alimwona mwenzake mjinga.

"Kwani alidanganya?" aliuliza.

"Amedanganya maisha yake yote. Hiyo nyumba ni ndogo kuliko yeye."

Kaka alifuta maji usoni. Alianza kunieleza, kwa sauti ile anayowaelezea wateja, kwamba nyumba zake zimejengwa zisiombe kitu nje. Zikipungukiwa zinajibana, zinatumia kilichomo ndani. Alipofika pale alijisikia mwenyewe anachosema, akaugeukia mlango wa Mama.

Katika kazi yangu, nguo ikimbana mtu naifumua nguo. Sijawahi kuwaza kwamba ingewezekana kumpunguza mtu.

Tuliingia tukamwambia Mama anahama leo. Alitusikiliza mpaka mwisho kwa upole, kisha akakataa. Kaka akasema aende kwake. Mama akasema kaka anarudi amechoka, apate wapi nguvu za kumhudumia mzee. Nikasema basi kwangu. Akasema kwangu ni chumba kimoja, cherehani, na wateja wanaoingia na kutoka, yeye akae wapi, juu ya pasi? Tulibembeleza, tukagomba, tukabembeleza tena. Nilimweleza hata lile la mabega. Alijitazama bega moja, halafu la pili, kama anayetazama nguo aliyoazimwa.

"Najua," alisema. "Lakini sili sana, siwashi sana, simsumbui mtu. Mnataka nini tena?"

Kaka alikata shauri akambeba. Alimwinua kwa mkono mmoja bila kutaka, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo, na nilimwona machozi yakimtoka. Lakini walipofika mlangoni Mama alikamata fremu kwa vidole vyake vidogo na kuanza kulia. Alisema tunamdhalilisha, tunambeba kama mzigo mbele ya majirani, na maisha yake yote hajawahi kuwa mzigo wa mtu. Kadiri alivyolia, ndivyo taa nyuma yake ilivyozidi kung'aa. Kaka alimweka chini. Mama akarudi kwenye kiti chake akapanda kama mtoto.

Nilijua kwamba tukimwacha pale tutarudi siku moja tukute taa inawaka na kiti kitupu. Nikapiga moyo konde.

"Mama, sioni," nilisema.

Alidhani natania. Nikapiga magoti mbele yake nikamwonyesha vidole vyangu, matundu juu ya matundu. Nilimwambia kuhusu ule ukungu, na jinsi ninavyotunga uzi kwa kupapasa, na kwamba gauni lake la mwisho nililishona nikikisia. Nilimwambia daktari anataka kunipasua, na nitakaa na bandeji machoni, na sitaweza kujipikia wala kujua nani kaingia. Kaka alikuwa nyuma yangu, naye alikuwa anayasikia haya kwa mara ya kwanza.

"Sina mtu," nilisema. "Nakuhitaji wewe. Naomba uje unisaidie."

Katika nyumba yetu maneno hayo hayajawahi kusemwa, na yaliniuma kuyatoa kuliko sindano. Mama alinikazia macho. Kisha uso wake ukakunjana kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipokuwa msichana.

"Na unakaa kimya kama mgeni?" alisema. "Viatu vyangu viko wapi?"

Viatu vilimvuka kila hatua, akaviacha njiani akatembea pekupeku. Alinishika mkono, yeye ndiye aliyeniongoza kwenye matope, akinionya kila penye dimbwi. Taa ilikuwa imefifia nyuma yetu tangu tulipovuka kizingiti. Kaka alikuwa amesema tutangulie, yeye atabaki azime mitambo na kukusanya nguo.

Kwangu, jambo la kwanza alilofanya Mama ni kudai sindano zangu zote. Alizitunga uzi moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kimto, nyeusi upande huu, nyeupe upande ule. Alikula alichopewa. Baadaye alisogeza kikombe mbele yangu akasema, bila kunitazama, "Niongezee chai." Nusura birika linidondoke. Alipolala, mikono yake ilikuwa imeanza kupata joto.

Asubuhi kaka alikuwa bado hajaleta nguo. Mvua ilikuwa ileile. Nilimpigia, simu ikaita sana kabla hajapokea.

"Nafungafunga tu," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Dada, betri imejaa tena. Jua halijatoka, lakini imejaa."

Niliuliza nani yuko humo.

"Mimi tu. Nililala hapa. Nikitoka, wale wote wenye giza wataniuliza, na mimi sina la kuwajibu. Huku kumetulia. Simsumbui mtu." Alipumua. "Kitanda kilikuwa kifupi mwanzoni. Sasa pananitosha."

 Nilimwambia atoke sasa hivi. Akasema baadaye. Nikamwamrisha, nikamtukana, nikamwambia nakuja kukutoa, akanijibu kwa upole kwamba nisijisumbue na macho yangu hayo.  Nilibaki na simu sikioni, nikimsikia anapumua, na nyuma yake hakuna sauti yoyote, hata ya mvua.

Mama aliichukua simu mkononi mwangu.

"Mwanangu," alisema. "Nimeshindwa. Siwezi kumuuguza dada yako peke yangu. Nataka mtu wa kututekea maji. Nataka kitanda changu mwenyewe, kirefu, nijinyooshe. Nataka blanketi mbili, na viatu vinavyonikaa, na nataka samaki, nimetamani samaki muda mrefu sana. Nakuomba uje. Nakuomba, mwanangu."

Hakuwa akisimama hata kuvuta pumzi. Aliomba kama mtu aliyekuwa akiyaweka maombi yake akiba tangu ujana, na alipomaliza alianza upya na mengine.  Tuliendelea kungoja. Kisha tukasikia mlango ukifunguliwa, na mvua ikaingia ndani ya simu, kelele zake zote.

"Nakuja, Mama," alisema.

Alifika amelowa chapachapa, mikono mitupu. Suruali yake aliishikilia kiunoni kwa ngumi, na pindo zake zilizama kwenye tope nyuma ya visigino. Mikono ya shati ilimfunika vidole. Nyumba ameiacha wazi, alisema, mlango na madirisha. Hakutaka kukaa mpaka tulipomvuta.

Mama alimkausha kichwa kwa taulo, kisha akaniambia nilete futi. Nilileta, nikamwomba anisomee mwenyewe kwa sababu tarakimu sizioni. Alimpima kaka mabega, polepole, ncha hadi ncha, bila kuvuta na bila kulegeza, akanitajia alichokiona. 

"Hicho ndicho cha kweli," alisema. "Sasa ongeza vidole viwili kila upande, kama unavyonifanyia mimi."